Waliogeuka Mlangoni: Tunavyoutambua Utafiti wa Mtu Mmoja

Katika kazi ya kuwashauri watu kuhusu taaluma na ajira, maarifa mengi huishia kwenye daftari la mtu mmoja. Mshauri amekaa na wahitimu, na waliopunguzwa kazini, na akina mama wanaotaka kurudi kazini baada ya kulea, na kijana ambaye wazazi wake wameshamchagulia fani. Anajua swali gani humfungua mtu na swali gani humfanya ajikunje. Siku akistaafu, anaondoka nayo yote. Anayeshika nafasi yake anaanza upya, akijifunza kwa wateja walewale mambo ambayo mwenzake alikwisha kuyajua.

Nimekuwa mshauri wa aina hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Baadaye niliombwa kuingia kwenye jopo dogo la wanataaluma wenzangu, linalosoma tafiti zilizofanywa na washauri mmoja mmoja, bila ruzuku wala msaidizi, na kuchagua zinazostahili kutuzwa. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyaona nikiwa mtafiti asiyejulikana, kisha nikayaona nikiwa miongoni mwa wanaoamua nani ajulikane. Hali ya pili ilinifundisha zaidi, ingawa ile ya kwanza ndiyo iliyoniuma.

Utafiti wangu ulianza kwa swali la kawaida kabisa. Ofisi yetu ilikuwa na mazoea ya kuhesabu vichwa: wangapi wameingia, wangapi wamerekebishiwa wasifu, wangapi wamehudhuria semina ya usaili. Kila mwisho wa mwaka idadi ilipanda na kila mtu akafurahi. Hakuna aliyeuliza yule aliyetoka mlangoni alikwenda wapi. Nikaamua kuuliza mwenyewe. Waliokubali kutafutwa tena niliwaandika, na mwaka ulipopita nikaanza kuwapigia simu, jioni, baada ya saa za kazi. Maswali yangu yalikuwa matatu. Unafanya nini sasa? Ulisikia wapi habari za kazi hiyo? Na katika mazungumzo yetu, umebaki unakumbuka nini?

Hilo la tatu niliweka mwishoni kama la kumalizia tu, nikidhani nitasikia sifa mbili tatu. Kumbe ndilo lililokuwa na utajiri. Karibu hakuna aliyekumbuka ushauri wenyewe. Mpangilio wa wasifu, namna ya kuanza barua ya maombi, mbinu za kujibu lile swali la udhaifu wako, vyote vilikuwa vimefutika. Walichokumbuka ni kuulizwa. Msichana mmoja aliniambia hivi: "Uliniuliza, kama baba asingekuwepo humu chumbani ungechagua nini? Na baba hakuwepo humo chumbani. Ndiyo maana sijasahau."

Nilibaki nimeshika simu. Sikukumbuka kabisa kwamba niliwahi kumwuliza hivyo. Tangu hapo nilipunguza karatasi za maelekezo nilizokuwa nikigawa, nikaongeza muda wa kukaa kimya baada ya kuuliza. Wenzangu waliona mabadiliko kabla ya kujua sababu.

Swali la pili lilinirudisha kwenye kitu nilichokuwa nimekisoma. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichunguza wanaume 282 wa mji wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamebadili kazi karibuni: wataalamu, mafundi wa ngazi ya juu na mameneja. Mia moja aliwahoji ana kwa ana, waliobaki kwa dodoso la posta. Zaidi ya nusu walikuwa wamepata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, na wengi wa hao waliowapa habari hawakuwa marafiki wa karibu. Walikuwa watu wa kuonana mara mojamoja, wengine wa nadra kabisa. Maelezo yake ni mepesi kueleweka: rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, lakini yule mnayekutana kwa nadra anatoka kwenye duara lingine na habari nyingine.

Wateja wangu hawakuwa mameneja. Walikuwa vijana wanaotafuta kazi ya kwanza. Hata hivyo majibu yalifanana: dada wa rafiki, msimamizi wa zamani wa mafunzo kwa vitendo, mtu aliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi la safari ndefu. Tofauti ni kwamba Granovetter aliwahoji waliokwisha kupata kazi, na mimi nilikuwa nazungumza pia na waliokosa. Hao waliokosa walikuwa na watu wa aina ileile maishani mwao. Ila hawakuwaambia kwamba wanatafuta kazi. Waliona haya. Mmoja alikuwa amekutana na mwalimu wake wa zamani mara kadhaa njiani, na kila akiulizwa mambo vipi anajibu "namshukuru Mungu, mambo yanakwenda." Tunapowafundisha vijana kujenga mtandao wa watu, tunadhani shida yao ni kuwa na watu wachache. Kwa wengi niliozungumza nao, watu walikuwepo. Kilichokuwa kigumu ni ile sentensi ya kuwaambia.

Halafu kuna wasiopokea simu. Hapa ndipo mtafiti anayefanya kazi peke yake anapokuwa na kitu ambacho taasisi kubwa haina. Dodoso la maelfu ya watu huandika "hakujibu" na hesabu ikaendelea. Mimi nilikuwa namjua kila ambaye hakujibu: najua alikaa kiti gani, alivaa nini siku ya kwanza, alicheka wapi. Nisingeweza kuwaandika "hakujibu" halafu nikalala. Niliwatumia ujumbe mfupi wa maandishi: "Sitafuti habari njema. Nataka kujua tu ulipo, hata kama bado uko palepale." Majibu yalianza kuingia usiku. Mmoja aliandika kwamba alidhani nikijua hajapata kazi nitajuta kumpotezea muda. Mwingine alidhani nafuatilia ili kumfuta kwenye orodha ya huduma.

Walipoingia hao, picha yote ilibadilika. Mwenye mafanikio hupokea simu haraka, ana la kusimulia. Asiye nayo huiacha ikaita. Kwa hiyo ofisi yoyote inayotangaza kiwango cha mafanikio kwa kuhesabu waliojibu inajisifu kuliko inavyostahili, hata kama haina nia ya kudanganya. Hili wataalamu wa takwimu walilijua zamani na wana mbinu zake. Lakini ni jambo moja kulisoma, ni jambo jingine kusikia mtu akipumua upande wa pili wa simu kabla ya kukuambia hajapata.

Niliandika kurasa chache, nikampa mkuu wangu. Alisoma ule wa kwanza, akasema sampuli ni ndogo na kwamba haya si majukumu yangu. Kuhusu sampuli alikuwa sahihi. Baada ya miezi kadhaa ilitoka ripoti ya mwaka, na ndani yake nikakuta aya yangu, neno kwa neno, ikianza na "Ofisi imebaini kwamba..." Ofisi haikubaini kitu. Ofisi ilikuwa imefungwa, taa zimezimwa, watu wamekwenda nyumbani.

Nimesikia kisa kama hicho kwa wenzangu wengi mno kiasi kwamba sikihesabu tena kuwa changu. Ila kinashangaza ukikumbuka fani yenyewe ilikoanzia. Frank Parsons, ambaye wengi humwita baba wa ushauri wa kazi, alikuwa amewahi kuwa mhandisi, mwalimu na mwanasheria kabla ya kufungua ofisi yake ya ushauri Boston mwaka 1908. Hakuwa na maabara. Alikuwa na kiti, na kijana mbele yake, na orodha ndefu ya maswali, na tabia ya kuandika alichokiona. Alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake kikatoka 1909 akiwa kaburini. Wazo lake kwamba mtu ajifahamu mwenyewe, azifahamu kazi, kisha afikiri kwa makini jinsi hayo mawili yanavyokutana, bado limo ndani ya kila fomu tunayoitumia.

John Holland naye. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa jeshini akiwasaili askari wapya ili wapangiwe kazi. Kusikiliza historia za maisha yao kulimwonyesha kwamba zinaangukia kwenye makundi machache tu. Nadharia yake aliichapisha mwaka 1959, na makundi sita anayoyataja, kuanzia wapenda kazi za mikono hadi wapenda utaratibu wa ofisi, ndiyo yamejaa kwenye majaribio ya mtandaoni ambayo kila kijana amewahi kuyajaza. Mbegu yake ilikuwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha msaili na kuona kitu ambacho hakuagizwa kukitafuta. Hata Granovetter, makala yake ya kwanza kuhusu nguvu ya watu wa mbali ilikataliwa na jarida moja mwaka 1969. Ilikuja kuchapishwa kwingine mwaka 1973, na leo ni miongoni mwa makala zinazonukuliwa zaidi katika sosholojia.

Sisemi kila mshauri mwenye daftari ni Holland. Nimesoma madaftari mengi, na mengine yangebaki kuwa madaftari. Ninachosema ni kwamba bila kuyasoma huwezi kujua lipi ni lipi.

Basi nikaingia kwenye jopo. Kazi ya mwaka wa kwanza ilinichosha kwa namna nisiyoitarajia. Washauri wanaofanya utafiti peke yao wana hofu ya kuonekana si wasomi, na hofu hiyo huharibu maandishi yao. Mtu amezungumza na wateja tisa, mazungumzo marefu, ya kina, ambayo profesa yeyote angeyaonea wivu. Badala ya kutuonyesha hayo anatuletea jedwali na kutuambia asilimia 66.7 waliridhika. Ndugu yangu, sema sita kati ya tisa, tutakuelewa. Halafu utuambie wale watatu walisema nini.

Lawama haikuwa yao peke yao. Fomu yetu ya kutoa alama ndiyo iliyowafundisha hivyo. Ilitoa alama kwa ukubwa wa sampuli, alama kwa wingi wa maandiko yaliyopitiwa, alama kwa mbinu za takwimu. Kwa vigezo hivyo mshauri wa kituo kidogo, asiye na nywila ya kuingilia majarida ya kulipia, anashindana na timu ya chuo kikuu yenye wanafunzi wa shahada ya uzamili wa kuingiza data. Alishindwa kabla hajaandika jina lake. Tulikuwa tumeweka tuzo ya utafiti wa mtu mmoja halafu tukaupima kwa mizani ya utafiti wa watu ishirini.

Kilichotugombanisha hadi tukabadilika ni kazi ya mhudumu wa mapokezi.

Mama huyu alikuwa akikaa kwenye dawati la mbele la kituo kimoja cha ushauri wa kazi. Si mshauri, hana shahada ya saikolojia. Kazi yake ni kuwakaribisha watu, kuwapa fomu na kuwapanga kwa zamu. Kwa kukaa pale aliona kitu ambacho washauri walioko ndani hawawezi kukiona hata wakitaka: watu wanaofika hadi mlangoni, wanasoma ubao wa matangazo, wanatazama dawati, halafu wanageuka na kuondoka bila kusema neno. Kwenye takwimu za kituo watu hao hawapo. Hawakuingia, kwa hiyo hawakuhesabiwa.

Akaanza kuweka alama. Saa ngapi, mtu alikuja peke yake au na mwenzake, alisimama wapi kabla ya kugeuka. Hakuandika jina wala sura ya mtu yeyote. Baada ya muda aliona kwamba wengi hawageuki kwenye ubao. Wanageuka wakishaona wenzao wamesimama dawatini wakijaza fomu. Ile fomu ilijazwa watu wakiwa wamesimama, kalamu imefungwa kwa uzi, na aliye nyuma kwenye foleni anaweza kusoma kila unachoandika. Mstari wake wa nne uliuliza: sababu ya kutaka kumwona mshauri.

Fikiria umefukuzwa kazi wiki iliyopita na nyumbani bado hawajui. Unaandika nini kwenye mstari wa nne?

Alimwomba mkuu wa kituo waondoe mstari ule na fomu ijazwe ndani, mtu akiwa ameketi. Akaendelea kuweka alama zake. Waliogeuka wakapungua. Hawakwisha, na yeye mwenyewe aliandika hivyo waziwazi, akaongeza kwamba wengine wanageuka wakiona bango la kijana aliyevaa suti anayetabasamu, lakini hilo hana uhakika nalo. Kurasa tatu, zimepigwa chapa na mtu wa kumsaidia, hakuna marejeo, hakuna nadharia.

Kwenye jopo kulichafuka. Mmoja alisema huyu si mtafiti. Mwingine akauliza huu unachangia nini kwenye fani. Wa tatu, mtu ninayemheshimu sana, alisema tukiutunuku huu tutakuwa tumeshusha kiwango. Nilichowakumbusha ni Marienthal.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kikundi cha watafiti vijana kutoka Vienna, miongoni mwao Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, kilikwenda kwenye kijiji hicho cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na familia nyingi zikabaki bila kazi. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Pamoja na mambo mengine, walikaa mahali wasipoonekana wakapima kwa saa jinsi watu wanavyotembea barabarani na kuhesabu mara wanazosimama njiani. Wanaume, ambao sasa walikuwa na muda wote duniani, walitembea polepole na kusimamasimama. Wanawake walitembea haraka zaidi, kwa sababu kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda. Maktaba ya kijiji ikaazimwa vitabu vichache kuliko zamani, ingawa watu walikuwa hawana la kufanya. Kutokana na vijimambo hivi vya kuhesabu hatua na vitabu, Jahoda baadaye alijenga hoja ambayo fani yetu haiwezi kuishi bila hiyo: kwamba kazi humpa mtu mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao, lengo la pamoja na nafasi katika jamii, mbali na mshahara.

Sasa kuna tofauti gani kati ya kukaa dirishani ukihesabu wanaosimama njiani na kukaa dawatini ukihesabu wanaogeuka? Tofauti ni jina la aliyekaa.

Tulibishana hadi kiza. Mwisho mama wa mapokezi alitunukiwa kwa kura chache za ziada. Tulipomuuliza angependa nini pamoja na cheti, hakuomba fedha. Alitaka waraka wake utumwe kwenye vituo vingine ukiwa na jina lake juu, na wanaoupokea waandike kama nao wana fomu ya kujazwa watu wakiwa wamesimama. Wengi waliandika kwamba wanayo.

Hapo nilielewa kilichokuwa kimeniuma katika ile "Ofisi imebaini". Nilikuwa nimedhani ni sifa. Jina juu ya utafiti lina kazi nyingine pia: linamwambia msomaji ni nani wa kuulizwa. Ukisoma kwamba "ofisi" imebaini kwamba vijana wanaona haya kusema wanatafuta kazi, utamuuliza nani umejuaje? Nani atakuambia kuhusu waliojibu usiku? Ukiondoa jina, utafiti unageuka kuwa tamko, na tamko halina mtu wa kulihoji.

Kuna kazi nyingine niliyoipenda, ya mshauri kijana aliyekusanya matangazo ya kazi zinazosemekana ni za wanaoanza lakini zinataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Kila mtu hulalamikia matangazo hayo. Yeye alipiga simu kwa walioyatoa na kuuliza kwa upole: miaka hii mitatu imetokana na nini? Baadhi walikuwa na sababu za maana, kwa mfano kazi inayohusu usalama wa watu. Lakini wengi walikiri kwamba wamenakili tangazo la mwisho. Wengine walisema wangemwita kwenye usaili mtu yeyote mwenye kazi ya kuonyesha. Halafu akakuta kundi la tatu, ambako maombi huchujwa kwanza na programu ya kompyuta, na huko miaka mitatu ni miaka mitatu kweli, hakuna wa kumbembeleza. Sisi washauri huwaambia vijana "omba tu hata kama hujatimiza vyote" kama vile ni ukweli wa kila mahali. Baada ya kusoma kazi ile, siwezi tena kulisema bila kuuliza kwanza ni mwajiri wa namna gani.

Lililobaki gumu ni maadili, na hapa siwaonei haya wanaotutilia shaka. Mshauri anayetafiti wateja wake mwenyewe ana nguvu juu yao. Mtu anayesubiri umsaidie atakubali kila unachomwomba, na ridhaa ya namna hiyo ni nusu ridhaa. Kwangu mimi, ombi la utafiti linakuja baada ya huduma kukamilika, kamwe si kabla, na maswali ya kukosoa huduma yanaulizwa na mtu mwingine. Halafu kuna kuficha utambulisho. Kubadilisha jina hakutoshi. Ukiandika "mwanamke pekee aliyehitimu uhandisi wa umeme mwaka ule" umeshamtaja. Nimerudisha kazi nzuri kadhaa kwa sababu hiyo, na waandishi wakakasirika, na nitaendelea kuzirudisha. Watafiti wa Marienthal walikuwa na sharti ambalo ningelibandika ukutani: asiwepo kijijini mtu ambaye kazi yake ni kutazama tu. Kila mmoja alipaswa kuwa na la manufaa analolifanya kwa wanakijiji, iwe kugawa nguo, huduma ya daktari au mafunzo. Sisi washauri tunaanza tukiwa tumeshatimiza sharti hilo. Hatari yetu ni kulisahau katikati ya njia.

Na kuna utafiti ambao hauna mtu anayeutaka. Mshauri mmoja alikuwa akiendesha semina ya usaili yenye nafasi chache kuliko waombaji, hivyo waliokosa nafasi waliwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Akaona amepata makundi mawili ya kulinganisha bila gharama. Aliyafuatilia yote mawili. Waliohudhuria hawakuwa wamefanya vizuri zaidi ya waliosubiri. Aliangalia tena, akajaribu kutafuta maelezo, na alipokosa akaandika alichokiona. Semina hiyo ilikuwa fahari ya ofisi yake, ina mfadhili na picha kwenye kila kijitabu. Aliombwa auondoe.

Kwangu hiyo ndiyo kazi bora iliyowahi kupita mikononi mwetu. Mtu amepima jasho lake mwenyewe, akakuta halijazaa, na hakuficha. Tuliitunuku. Lakini yeye alituomba tusimtaje, kwa sababu ana watoto wa kusomesha na mkataba unaokaribia kwisha. Mimi niliyekuwa nikihubiri jina, jina, jina, nikajikuta natia sahihi cheti kisicho na jina. Sina jibu zuri la hili. Wapo wanaohitaji kutajwa ili kazi yao isimezwe, na wapo wanaohitaji kufichwa ili wasimezwe wao. Jopo linalotaka kutambua tafiti za mtu mmoja lazima liwe na milango yote miwili, na limwachie mwenyewe achague wa kupitia.

Kuhusu mambo mengine ya kutambua sina maneno mengi. Muda, kwanza kabisa: saa chache kwa wiki zilizoandikwa kwenye ratiba zinamsaidia mshauri kuliko ngao ya kioo. Njia ya kusoma majarida. Na mtu mmoja wa kusoma rasimu yako bila huruma, maana anayetafiti peke yake hupendana na matokeo yake upesi.

Fomu yetu ya alama tumeibadilisha. Ukubwa wa sampuli umeondoka. Tumeongeza maswali mawili: nani hakuonekana katika utafiti wako, na umebadilisha nini kazini kwako baada ya kuufanya. La kwanza watu hulijibu kwa ukurasa mzima, na mara nyingi huo ndio ukurasa bora. La pili ndilo linalowatoa jasho. Katika kazi zilizoingia safari hii kuna mmoja ambaye, chini ya swali hilo, ameandika: "Bado. Mkuu wangu anasema ataisoma." Tumekubaliana kumwandikia mkuu huyo barua, kwa idhini ya mwandishi, tukimwomba siku ya kukaa nao wote wawili na kuipitia kazi hiyo pamoja. Barua nimeiandika mimi, na tunasubiri jibu.